Aliyegundua Ufunguo Ulikokaa

Aliyeliondoa jina langu katika mwongozo mnaoutumia sasa kuhusu funguo za siri za mitambo yetu ni Bwana Meshack Njoroge, aliyekuwa msaidizi wangu kwa miaka mingi na ambaye leo anakalia kiti changu. Naliandika jambo hili mwanzoni ili msomaji asihangaike kutafuta mkosaji katika kurasa zinazofuata. Naandika pia kwamba nina wivu. Nimekaa nao hapa nyumbani Lanet tangu nistaafu, na sioni faida ya kuupa jina la heshima zaidi. Hata hivyo, kumbukumbu zikipinda ni lazima azinyooshe mtu aliyekuwepo, na mimi nilikuwepo.

Ninyi mlioajiriwa baada yangu hamkuikuta masjala ya zamani. Nilipoingia katika ofisi yetu ya kumbukumbu za mifugo, hapa Nakuru mjini, nilikuwa karani. Masjala ilikuwa chumba chenye mlango wa chuma, na ndani yake mlikuwa na majalada ya mashamba yote tuliyoyahudumia, kuanzia Ndabibi hadi Olenguruone: ng'ombe yupi alizaliwa na yupi, yupi alichanjwa lini, yupi alihamishwa kutoka boma lipi kwenda lipi. Asiyefuga anaweza kudhani hizo ni habari ndogo. Majirani wawili wanaogombania mtamba mmoja hawadhani hivyo.

Mkuu wa masjala alikuwa Bi. Tabitha Moraa. Ukutani kwake palikuwa na ubao wenye misumari, kila msumari na namba yake, na kila namba na ufunguo wake wa kabati. Chini ya ubao palikuwa na daftari. Mwenye kuchukua ufunguo aliandika jina, saa na kazi anayokwenda kuifanya, na ufunguo ulirudi msumarini kazi ile ilipokwisha. Kusubiri hadi jioni hakukuruhusiwa. Siku yangu ya tatu nilikwenda nyumbani na ufunguo wa kabati la saba mfukoni mwa koti. Asubuhi nilimkuta amesimama mlangoni.

"Umelala nao?" aliniuliza.

"Nilisahau, madam."

"Ulisahau ufunguo ama ulisahau kazi?"

"Ufunguo, madam."

"Sawa. Leo utafanya kazi bila ufunguo, tuone."

Nilikaa kwenye benchi nje ya mlango wa chuma kutwa nzima nikibandika lebo kwenye bahasha, huku kila aliyepita akinisalimia kwa upole uliopita kiasi. Sikurudia kosa lile. Ninachotaka mkielewe ni kwamba mafunzo yangu yote kuhusu funguo yalitoka pale. Kompyuta zilikuja zikaongeza istilahi tu.

Namna nilivyotoka kwenye benchi lile nikawa mkuu wa mitambo ni habari za barua za ajira, na zimo katika jalada langu kwa anayezihitaji. Yatosha kusema kwamba majalada yalipigwa picha ukurasa kwa ukurasa, yakawekwa ndani ya kompyuta kuu, nayo kompyuta kuu ikawekwa katika chumba kilekile chenye mlango wa chuma. Mlango ulibaki wazi mchana kutwa kwa sababu mashine inahitaji hewa. Bi. Tabitha, aliyekuwa amestaafu wakati huo, alikuja kututembelea mara moja. Aliutazama mlango ule uliokuwa wazi, akaomba chai.

Kwa kuwa mlango ulikuwa wazi, majalada yalifungwa kwa ufunguo wa siri. Asiyekuwa na ufunguo huo angeona herufi zilizovurugika tu. Kulikuwa na programu moja, ambayo sisi tuliiita ya kaunta, iliyokuwa ikiyasoma majalada na kuyaonyesha kwa makarani wetu hapa mjini na katika vituo vya nje. Asubuhi mmoja wetu aliingia katika akaunti yake, akaandika nenosiri, ufunguo ukaingia katika kumbukumbu ya mashine, kisha akaiwasha programu ya kaunta kwa mkono. Hapo kazi ilianza.

Kero ilianza na stima. Ilipopotea na kurudi, mashine iliamka yenyewe na programu ya kaunta ikaamka nayo, lakini haikuweza kufungua jalada hata moja. Tulipoiwasha kwa mkono ilifanya kazi. Aliyeiwasha alipotoka katika akaunti yake, ilishindwa tena, ingawa kila kipimo kilionyesha kwamba ilikuwa bado inatembea. Hatukujua sababu. Kero tusiyoijua sababu yake tuliitungia kanuni, na kanuni hiyo niliiandika mimi: aliyefungua asubuhi asitoke katika akaunti yake mpaka saa kumi na moja jioni. Na kwa kuwa waraka wangu mwingine ulikataza mtu kuacha akaunti wazi bila kuwepo, ilimbidi akae palepale. Chai aliletewa. Chakula aliletewa. Meshack aliwahi kula githeri juu ya kibodi, na punje moja ya mahindi ilikaa chini ya herufi M kwa muda mrefu.

Wafanyakazi waliiita zamu hiyo kuatamia.

"Leo nani ameatamia?" angeuliza Nancy Chebet, karani wa kaunta, akipita na birika.

"Si ni Meshack," mwenzake alijibu.

"Meshack, usiinuke! Mayai yatapoa!"

"Niletee mandazi huku kwa kiota, basi. Na uniambie kama jogoo ametoka mkutano."

Jogoo nilikuwa mimi. Sikucheka. Niliona ni utovu wa heshima kwa waraka uliokuwa na sahihi yangu.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Meshack ndiye aliyekuwa zamu, nami nilikuwa katika chumba cha mikutano, simu yangu ikiwa imezimwa kwa mujibu wa taratibu. Kabla ya saa sita alipigiwa simu kutoka Olenguruone akaambiwa mama yake ameanguka shambani na anapelekwa hospitalini. Aliinuka, akatoka katika akaunti yake sawasawa kama nilivyomfundisha, akamwambia Nancy anakwenda, akaondoka.

Dakika chache baadaye Nancy alifungua mlango wa mkutano bila kubisha.

"Boss, kaunta imekufa."

Nje, chini ya dirisha la kaunta, palikuwa na lori lililobeba mitamba ya Mama Wangui, mfugaji kutoka Ndabibi. Alikuwa amemuuzia mtu wa mbali, na lori halikuruhusiwa kuondoka bila hati ya chanjo kutoka kwetu. Jua lilikuwa kali. Nilimkuta Nancy amerudi dirishani akijaribu kumtuliza.

"Mathe, ngoja kidogo tu."

"Kidogo gani? Ng'ombe wako kwa jua tangu asubuhi. Nyinyi mko kwa kivuli."

"Ni mashine imekataa, mathe."

"Kwani ni mashine ilichanja ng'ombe wangu? Daktari alichanja nikiwa hapo nimeshika kamba! Andika!"

"Siwezi andika kitu sijaona kwa jalada."

"Basi niitie mwenye ufunguo."

"Ameenda."

"Ameenda nao?"

Nancy aligeuka akanitazama. Niliingia katika akaunti yangu, lakini nilikuwa nimeiacha zamu ile mikononi mwa wengine kwa muda mrefu kiasi kwamba nilikosea hatua na kuanza upya mara tatu. Hati ilipotoka ilikuwa karibu saa tisa. Mtamba mmoja alikuwa amelala ndani ya lori na hakuinuka tena. Mama Wangui hakunitukana. Aliikunja hati mara mbili, akaitia kwenye mkoba, akamwambia dereva amsaidie kumshusha yule aliyekufa.

Siku hiyohiyo nilimwandikia Meshack barua ya onyo kwa kuiacha zamu bila idhini. Barua iliingia katika jalada lake.

Swali la yule mama lilinikera. Meshack angewezaje kwenda nao? Ufunguo ulikuwa ndani ya mashine, na programu ya kaunta ilikuwa ikitembea katika mashine ileile. Nilitumia juma zima kulitafuta jibu, nikisoma maelezo ya mfumo endeshi mstari kwa mstari, na hapa naomba mnisomee kwa makini, kwa sababu haya ndiyo yaliyoandikwa katika mwongozo wenu kwa jina la mtu mwingine.

Mfumo endeshi hauhifadhi funguo za siri za programu zinazotenda kazi katika faili la kawaida. Kiini chake huziweka katika kumbukumbu yake chenyewe, mahali ambapo programu haiwezi kujichukulia, na stima ikipotea zinapotea nazo. Huko ndani funguo hupangwa katika vicha. Kuna kicha cha programu moja inayotenda kazi, ambacho programu hiyo ikizaa nyingine hakirithiwi. Kuna kicha cha kikao, yaani cha mtu tangu anapoingia katika akaunti yake hadi anapotoka, na hiki kila programu aliyoiwasha hukirithi. Kuna kicha cha mtumiaji, ambacho ni cha akaunti nzima, haidhuru ina vikao vingapi. Kila ufunguo una mwenyewe, una idhini zake, na unaweza kuwekewa muda wa kuisha. Programu inapoomba kufunguliwa jalada, kiini hutazama vicha ambavyo programu hiyo imevishika, na kisipouona ufunguo hukataa.

Ufunguo wetu, kwa kuwa uliingizwa na mtu kwa mkono, ulikuwa ukikaa katika kicha cha kikao cha mtu huyo. Programu ya kaunta ilikirithi kwa kuwa yeye ndiye aliyeiwasha. Mashine yetu ilikuwa imepangwa hivi: mtu akitoka katika akaunti, kicha cha kikao chake kinabatilishwa papo hapo. Programu hubaki hai, na hubaki imekishika kicha kilekile, lakini ndani hamna kitu. Nilifungua orodha ambayo kiini huionyesha ya funguo mtu alizoruhusiwa kuziona, nikatoka katika akaunti ya majaribio, nikaitazama tena. Mbele ya kicha kile palikuwa na herufi R, alama ya kitu kilichobatilishwa. Nilisimama. Ilikuwa Jumamosi mchana na hapakuwa na mtu wa kumwambia, kwa hiyo nilimwambia mlinzi wa getini. Alinipongeza bila kuuliza maswali.

Jumatatu niliandika taarifa kwa mkuu wa ofisi. Iliwekwa katika jalada la mitambo ikapewa namba, folio ya kumi na nne. Nilipendekeza ufunguo uhamishiwe katika kicha cha mtumiaji cha akaunti ya programu yenyewe, ili kuondoka kwa mtu yeyote kusiuguse.

Meshack alirudi kazini baada ya siku kumi, akaisoma taarifa ile akiwa amesimama, akaja mezani kwangu.

"Boss, ukiuweka kwa kicha ya mtumiaji, kila programu ya hiyo akaunti itauona. Hata ile ya kuprinti."

"Kwa hiyo unapendekeza nini?"

"Kaunta ipewe kikao chake yenyewe. Iamshwe na mfumo, isiamshwe na mtu. Ufunguo uingie hapo peke yake, na ruhusa ikuwe ya mwenye ameshika hicho kicha pekee."

"Na asubuhi nani ataandika nenosiri?"

"Hakuna mtu. Ndani ya hii mashine kuna kifaa cha kutunza siri, kimekaa bure tangu inunuliwe. Mashine ikiamka, hicho kifaa ndicho kitaufungua."

Alikuwa sahihi, na alikuwa sahihi kwa sentensi chache, akiwa bado na vumbi la Olenguruone kwenye viatu. Mimi ndiye niliyeugundua ugonjwa, yeye akaleta dawa mbele ya macho yangu kama mtu anayeokota kalamu niliyoiangusha. Wivu wangu una tarehe ya kuzaliwa, na ni ile.

Tulifanya kama alivyosema. Stima ilipotea, ikarudi, kaunta ikaamka na kufungua majalada bila mtu yeyote kukaa kitini. Kuatamia kulikoma. Watu walianza kwenda kula nje kama binadamu.

Baada ya mimi kustaafu kulikuwa na mafunzo ya maofisa wa vituo, katika ukumbi mmoja huku Lanet, nami nikaalikwa kama mgeni. Meshack ndiye aliyefundisha. Alianza na kisa cha kuku, na maofisa wa Olenguruone wakacheka hadi mmoja akatoka nje kukohoa. Kisha, ili kueleza vicha, alichora ubao wenye misumari na daftari chini yake. Hakuwahi kuuona ubao ule. Bi. Tabitha hakumjua. Mambo hayo yote nilimsimulia mimi kwenye chai, miaka iliyopita, naye alikuwa akitikisa kichwa kama mtu asiyesikiliza. Sasa aliyasimulia vizuri kuliko nilivyowahi kuyasimulia, akionyesha kwa vidole msumari huu na ule, na ukumbi ukaelewa kwa dakika tano kile ambacho mimi nilikieleza ofisini kwa mwaka mzima bila kueleweka. Mwishoni aligawa mwongozo. Katika ukurasa wa kwanza iliandikwa kwamba chanzo cha tatizo kiligunduliwa na dawa yake ikatayarishwa na M. Njoroge.

Jumatatu iliyofuata nilikwenda ofisini. Nilianzia masjala, ambako siku hizi Nancy ndiye mkuu, nikaomba jalada la mitambo.

"Mzee, ya kumi na nne haiko," alisema baada ya kupekua. "Kuna kumi na tatu, halafu kumi na tano."

"Nani aliitoa?"

Nancy alitazama upande wa chumba cha Meshack, akafunga jalada polepole.

Meshack aliinuka aliponiona. "Karibu, mzee. Chai?"

"Sikuja kwa chai. Nimekuja kwa folio ya kumi na nne."

Nilitarajia akane. Alivuta droo, akaitoa karatasi, akaiweka mezani katikati yetu.

"Soma aya ya kwanza," alisema. "Kwa sauti, tafadhali."

Nilisoma. "Kufuatia uzembe wa Bw. M. Njoroge wa kuacha zamu na kutoka katika akaunti bila idhini, jambo lililosababisha huduma kukatika na hasara kwa mteja..."

"Sasa ya tatu."

"Imebainika kwamba kukatika huko kunatokana na ufunguo kuwekwa katika kicha cha kikao cha mtu binafsi, na kwamba huduma ingekatika vilevile kwa ofisa yeyote anayetoka katika akaunti yake kwa njia iliyo sahihi."

"Ya tatu inasema kosa si langu. Ya kwanza inasema ni langu. Umetia sahihi moja hapo chini, ya zote mbili." Sauti yake haikupanda. "Nilirudi kutoka kwa kitanda cha mathe nikapata barua ya onyo. Ile barua iko kwa jalada langu mpaka leo, mzee. Kila mtu akitaka kujua Meshack ni nani, anaisoma."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia nini? Ni wewe uliandika ushahidi. Nilidhani umeusoma."

Nilikaa. Sikuwa nimeusoma, si kwa maana aliyoitaka yeye. Nilipoiona herufi R siku ile nilifurahi mno kuwa mimi ndiye niliyeiona, nikaandika aya ya tatu kwa fahari, na haikunipitia akilini kuuliza inamwachilia nani. Aya ya kwanza niliiacha kwa sababu ilikuwa tayari imechapwa. Nilimwomba maji, akaniletea.

"Lakini kuitoa karatasi jaladani ni kosa," nilisema nilipomaliza kunywa.

"Najua ni kosa. Sitaki vijana wasome ya kwanza."

"Na jina langu?"

"Ningeandika jina lako, wangetaka kuona ulipoandika."

Ukweli huo haujaniondolea wivu, na sitaki mtu yeyote aandike kwamba uliniondolea. Bado naupitia mwongozo ule na kutafuta jina langu kana kwamba litajitokeza lenyewe. Bado nasikia kicheko cha ukumbi ule. Lakini nilifunzwa kuweka kumbukumbu, na kumbukumbu zangu mwenyewe ndizo zinazonishtaki sasa.

Kwa hiyo, kwa maandishi haya, nadai rasmi kwa uongozi wa ofisi kwamba folio ya kumi na nne irudishwe katika jalada la mitambo ikiwa nzima, pamoja na aya yake ya kwanza. Kwamba Bwana Meshack Njoroge aeleze kwa maandishi kwa nini aliiondoa, na ukurasa wa kwanza wa mwongozo usahihishwe useme ni nani aliyegundua chanzo na ni nani aliyeleta dawa. Kwamba barua ya onyo iliyomo katika jalada lake ifutwe kwa barua nyingine yenye sahihi yangu, ambayo nimekwisha kuiandika na kuiambatisha hapa. Na kwamba Mama Wangui wa Ndabibi aandikiwe na kuelezwa, kwa mara ya kwanza, ni waraka wa nani uliomfanya angoje juani. Nadai kamati ya nidhamu iitishwe na sote wawili tuhojiwe mbele yake. Katika kuhojiwa huko naomba niitwe mimi kwanza, kwa kuwa folio ile ilikuwa na kosa langu ndani yake kabla haijawa na kosa lake.